Mzunguko wa Tatu

2 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu Mama hukunyang'anya kabla hata sijamaliza salamu, na hili nataka ulisome ukiwa umetulia. Sisi hatujambo. Shemeji yako ameanza kuota kitambi na anakataa katakata kwamba ni kitambi.

Msimu umekwisha juzi. Hema limeshushwa, nasi tumerudi kwenye chumba chetu cha kupanga, juu ya duka la kufulia nguo. Mashine zikianza kukausha, sakafu yote inatetemeka na vikombe vinatembea mezani. Mabango yangu bado yako ukutani mjini: mimi hewani nimejikunja, na chini yake maneno MZUNGUKO WA TATU, makubwa kuliko kichwa changu. Wauza mboga wananijua.

Sasa lililonileta. Viza zetu za kazi zimefika mwisho. Sarakasi wananitaka kwa miaka mitatu mingine na mkataba uko tayari, lakini sheria ya huku inamtaka msanii mgeni arudi kwao, aombe upya ubalozini, na chama cha wasanii cha nyumbani kiandike barua kuthibitisha kwamba kazi anayodai ni yake kweli. Mara ya kwanza aliiandika Kocha. Nasikia Kocha amestaafu, na katibu wa chama ni wewe. Nilicheka mpaka Shemeji yako akatoka bafuni na povu kichwani kuja kuniangalia. Nguzo wangu, aliyekuwa akilala chali miguu juu, leo anakalia kiti na kushika mhuri!

Ni mistari mitano tu. Wakala wetu atakutumia rasimu, wewe ugonge. Faili lenyewe ni zito na linachosha, usijisumbue nalo. Lakini barua naihitaji, mdogo wangu. Nina miaka thelathini na saba. Nikikosa viza hii hakuna sarakasi nyingine itakayonichukua, na kazi nyingine siijui.

Mbusu Mama.

Dada yako,
Kishada

*

11 Februari

Dada yangu,

Barua yako imenikuta ofisini na nimeisoma kwa sauti mbele ya vijana wa mazoezi, mpaka kwenye wauza mboga. Ofisi usiifikirie sana. Ni kile kistoo cha mikeka nyuma ya ukumbi, wameingiza dawati moja na feni inayogeukia upande mmoja tu, upande ambao mimi sikai. Asubuhi bado nabeba. Nina mrukaji wangu, tunamwita Sindano, mwaka wa tatu huu namrusha kwa miguu hii hii. Tunafanya mizunguko miwili. Wa tatu sijaugusa, huo ni wako.

Mama amekuwa mzima tangu ile homa ya mapafu. Kila mgeni akiingia anaonyeshwa picha yako, atake asitake.

Kuhusu viza, umekuja kwa mtu wake. Unakumbuka ulivyochukua fomu zetu zote mbili ukazipeleka, mimi nikiwa na Mama hospitalini, na uliporudi ukanishika mikono ukasema, "Mdogo wangu, wamekunyima." Sikuuliza sababu, niliogopa kuisikia. Miaka minne nimejiuliza niliandika nini vibaya kwenye ile fomu. Ndiyo maana nilipopewa kiti hiki, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kujifunza fomu zote za viza za wasanii na wanamichezo, ili asinyimwe mwingine kwa kosa la kalamu. Wanasarakasi, wapiga ngoma, mabondia, kumi na sita wameondoka kwa mhuri wangu. Wewe utakuwa wa kumi na saba, na huyo nitamgongea kwa mikono miwili.

Nisalimie Shemeji, asichoke kubeba mikeka yenu. Nisalimie na yule mbebaji waliyekupa huko. Hujanitajia hata jina lake.

Mdogo wako,
Nguzo

*

20 Februari

Mdogo wangu,

Asante, asante, asante. Nimemwambia wakala akutumie rasimu peke yake. Akikuletea makaratasi mengine yaweke pembeni, ni mambo ya wanasheria.

Hayo ya viza yako ni ya zamani, usiyafukue. Kila mtu na riziki yake. Na mbebaji ni mtu wa kawaida tu, hana la kusimulia.

Fanya haraka, tafadhali. Silali vizuri.

Kishada

*

3 Machi

Kocha, shikamoo.

Leo sina salamu ndefu. Wakala wa dada yangu ni mwangalifu kuliko dada alivyotarajia. Sheria inataka chama kione kile kinachokithibitisha, kwa hiyo ameacha rasimu na kutuma faili zima, pamoja na flashi ya video.

Ukurasa wa pili umeandikwa: mrukaji, dada yangu, mbebaji, Shemeji, wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mitatu. Miaka kumi na mitatu iliyopita Shemeji alikuwa dereva wa gari linalotuletea mikeka, na nusu ya siku alikuwa amelala ndani yake. Nyuma ya ukurasa huo kuna picha kumi na nne. Zote ni mimi, Kocha. Uso mweupe wa rangi, mistari miwili myekundu mashavuni, kofia mpaka kwenye nyusi, kama ulivyotufundisha ili watazamaji wasimwangalie mbebaji, wamwangalie anayeruka. Chini ya kila picha kuna jina la Shemeji. Kisha ikafuata nakala ya maombi ya miaka minne iliyopita. Majina ni mawili, yao wawili. Sikunyimwa viza. Sikuombewa.

Nikaweka flashi. Ni ile video tuliyopiga ukumbini, feni ikiwa mbovu. Unajua tulivyokuwa tukifanya: mzunguko wa tatu ukikaribia muziki unazimwa, kwa sababu mrukaji akishajikunja hajui juu wala chini, anangoja mbebaji amwambie lini afunguke. Muziki ukazimwa, na kwenye kompyuta ya chama ikatoka sauti yangu: "Dada, sasa!" Sauti ya mwanamke, safi kabisa. Wamebadilisha majina, vyeti na tarehe, hiyo wakaiacha. Najua walivyoisahau. Mimi mwenyewe niliitoa kila siku kwa miaka tisa na sikuwa naisikia tena.

Damu imenichemka tangu jana na haijapoa. Miaka minne nimejiona mjinga wa kalamu, kumbe nilifutwa na mtu niliyekuwa nambeba. Barua ile ya kwanza ina sahihi yako. Niambie ulijua nini, na usinizungushe. Nataka dada yangu aumie, na nimekalia kiti ambacho kinaweza kumuumiza.

Nguzo

*

8 Machi

Nguzo, marahaba.

Sikuzungushi. Dada yako alikuja kwangu akilia. Alisema wewe umekataa safari kwa ajili ya ugonjwa wa mama yenu, na kwamba nafasi itapotea bure. Akasema Shemeji amejifunza kubeba. Nilijua hajajifunza. Nilijua pia kwamba miaka tisa si yake. Nikatia sahihi, kwa kuwa nilitaka japo mmoja kati ya watu niliowafundisha afike kwenye hema kubwa, na sikukuuliza kwa sababu nilihisi nikikuuliza sitatia sahihi.

Nimekukosea. Ila naomba usiandike kwa hasira. Mnyime mhuri, mwambie ukweli mkiwa wawili, mmalizane kama ndugu. Ukiandika yote, na jina langu litaburutwa, nami nimebakiwa na jina tu. Nakuomba kama baba.

Kocha

*

10 Machi

Dada yangu mpenzi,

Faili limefika, wakala wako kazidisha bidii. Nimelifungia kabatini. Wewe usiwe na wasiwasi, barua yako iko karibu kwisha na kila neno lake ni kweli. Nimekuandikia unavyostahili.

Kanuni yetu hairuhusu barua ya chama kupita mkononi mwa mwombaji. Nitaipeleka mwenyewe ubalozini ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, wao wakupigie simu. Kwa hiyo njooni wote wawili, wewe na Shemeji. Fikieni kule kule mji wa ubalozi, msipoteze siku kuja kwetu kwanza. Mama atangoja.

Na hicho chumba cha juu ya duka la kufulia kirudishe. Mtu mwenye mkataba wa miaka mitatu hakai mahali vikombe vinapotembea. Gawa vyombo, uza kitanda, utaanza upya.

Nguzo

*

24 Machi

Kwa Afisa wa Viza za Kazi, Kitengo cha Wasanii na Wanamichezo.

Kuhusu: waombaji wawili wa mchezo uitwao Mzunguko wa Tatu.

Chama kinathibitisha kwamba mrukaji ni msanii wa kweli na mwenye kipaji kikubwa. Alifanya mchezo huu kwa miaka tisa na mbebaji mmoja tu.

Chama kinathibitisha vilevile kwamba mbebaji huyo si mwombaji wa pili. Mwombaji wa pili hajawahi kuwa mwanachama wetu wala kusajiliwa kama msanii. Alikuwa dereva. Picha zote kumi na nne ni za mtu mwingine aliyepakwa rangi. Vyeti halisi, vyenye jina halisi, vimeambatishwa. Barua ya chama ya miaka minne iliyopita haikuwa ya kweli, na aliyeitia sahihi amekiri kwa maandishi. Nakala ya barua yake imeambatishwa.

Tunashauri afisa aitazame video dakika ya nne, pale muziki unapozimwa, na waombaji wote wawili wakiwa mbele yake.

Mwandishi wa barua hii ni mdogo wake mrukaji. Sauti inayosikika ni yake.

Katibu wa Chama

*

9 Aprili

Nguzo,

Nakuandikia nikiwa kwenye nyumba ya wageni nyuma ya ubalozi. Kitanda kimoja, mabegi mawili. Hayo ndiyo niliyobakiwa nayo, mengine niligawa kama ulivyonishauri. Nimeikumbuka barua yako nikiwa hapa kitandani na nikaelewa ulikuwa unacheka ulipoiandika.

Tulisimama dirisha namba tano. Afisa ni mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo. Alimuuliza Shemeji yako maswali matatu na akajibu vizuri, tulikuwa tumefanya mazoezi njia nzima. Kisha akaigeuza kompyuta itutazame. Muziki, mimi nazunguka, halafu kimya. Nilikuwa nimesimama tu na mkoba kwapani, nawaza chakula cha mchana. Ukasema, "Dada, sasa!" Mkoba ukaanguka. Mikono yangu ikafunguka yenyewe, nikanyooka nikasimama kwa ncha za vidole, mbele ya foleni nzima. Shemeji yako alikuwa anaangalia saa. Yule mama akamgeukia yeye, akamuuliza, "Hapo umesema nini?"

Akajibu, "Hapo wapi?"

Basi. Tumefungiwa maisha, wote wawili, kwa udanganyifu. Hata kama watalii haturuhusiwi. Shemeji yako amepanda basi kwenda kwao na hajasema atarudi lini.

Ungeweza kuninyima mhuri tu. Ningebaki kule nikahangaika, ningepata njia. Wewe ukaniita mpaka nyumbani kwa maneno matamu ndipo ukafunga mlango. Umeniua, mdogo wangu. Sikujua una roho hiyo.

Najua nilichokufanyia, sitajitetea sana. Nilikuwa na miezi miwili ya ndoa. Nafasi zilikuwa mbili. Viza ya mume isingemruhusu kufanya kazi, nami niliogopa nikimwacha hatanifuata. Nikajiambia natangulia naye, baada ya mwaka nakuja kukuchukua wewe. Mwaka ukaisha, na kukuambia kukawa kugumu zaidi, na mwaka wa pili kukawa kugumu zaidi ya hapo. Kila ulipoandika kwamba ulikosea fomu nilijifungia bafuni.

Nikuambie na kitu ambacho mabango hayasemi. Mzunguko wa tatu sijaufanya tangu niondoke. Siku ya kwanza Shemeji yako aliniita kwa kuchelewa, nikaangukia bega. Ya pili akasahau kuniita kabisa. Tukauondoa, jina tukaliacha. Miaka minne watu wameoneshwa mizunguko miwili na moshi mwingi.

Sasa nakuomba, na naomba nikiwa nimepiga magoti kweli, sakafu ya hapa ni ya saruji. Kuna sarakasi ya nchi nyingine, haina habari na ubalozi huu. Wanataka video mpya, mbebaji na uso wake wazi. Sikuombi uende nami. Nibebe mara moja tu pale ukumbini, muziki uzimwe, uniite. Baada ya hapo unichukie unavyotaka.

Dada yako

*

30 Mei

Kishada,

Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Nilitaka ujue inavyokuwa kungoja jibu na kujiuliza umekosea wapi, ingawa wewe kosa lako unalijua.

Mama hasemi nami. Anapika, anaweka mezani, anakwenda kula chumbani. Jana alitoka akaniambia neno moja refu: kwamba wewe ni damu yangu. Nikamwambia damu yangu iliwahi kuandikwa kwenye fomu na dada yangu akaitupa. Akarudi chumbani. Kocha naye amenirudishia kadi yake ya chama ndani ya bahasha tupu. Sikumjibu.

Ulisema hukujua nina roho hii. Nimeitoa kwenye kistoo cha mikeka, miaka minne, nikiwasomea wenzangu fomu mstari kwa mstari kwa sababu nilijiona mtu asiyejua kuandika jina lake. Ndiyo, nilicheka nilipokuandikia uuze kitanda. Nilitaka uanguke kutoka juu, maana nilikuwa najua urefu wake, mimi ndiye niliyekupandisha. Nilidhani ukianguka nitashiba. Nilishiba siku mbili.

Sarakasi yako ya zamani, walipoelezwa na ubalozi sababu ya kukufungia, waliandika chamani kuuliza ni nani mwenye sauti ile. Nimewajibu. Fomu nimeijaza kwa kalamu yangu, nimeipeleka kwa miguu yangu, barua ya chama ameandika mwenyekiti ili mhuri wangu usijigongee. Tulisimama dirisha namba tano, mimi na Sindano, nyuso hazina rangi. Yule mama wa miwani alinitazama, akaniomba niseme yale maneno. Nikayasema. Akagonga.

Kuna jambo nitakuambia, si kwa sababu unastahili, ila hakuna mwingine atakayelielewa. Mkataba unataka mzunguko wa tatu, kwa hiyo ilibidi nimfundishe Sindano. Siku ya kwanza nikamrusha, akajikunja vizuri, ukumbi kimya, nami nikapaza sauti, "Dada, sasa!" Hakufunguka. Akaangukia mkeka amejikunja vile vile, akateguka kifundo cha mkono. Akakaa, akanitazama, akaniuliza, "Shangazi, dada ni nani?" Nilikwenda nyuma ya mikeka nikalia mpaka feni ikazimwa na watu wakaondoka. Nilikulilia wewe, na nikajichukia kwa kukulilia.

Kesho yake nikabadilisha mwito. Namwita kwa jina lake, anafunguka, anatua. Ni mzuri. Hajafika kwako, lakini atafika.

Tunaondoka Jumatatu, viza ni ya miaka mitatu. Chumba walichotupatia kiko juu ya duka la kufulia nguo. Mwenye nyumba ametahadharisha kwamba sakafu inatetemeka kidogo.

Ile video tafuta mtu mwingine. Yale maneno mawili nimeyasema dirishani kwa mara ya mwisho, na sitamwambia tena mtu yeyote. Ukipata mbebaji akakurusha, ukajikunja na muziki ukazimwa, usiyangoje.

Nguzo